Mke au mume ndiye wa kwanza kuona hatari kwa mgonjwa wa ini

MTU mzima anapolala mchana kutwa, akakesha usiku, akasahau majina ya wanawe na kuanza kufoka bila sababu, majirani wa Bagamoyo hawachukui muda kutoa hukumu. Ama amepandwa na jini, ama amerogwa. Katika nyumba yenye mgonjwa wa ini, hali hiyo ina maelezo mengine, na ni muhimu mwenzi wake ayajue mapema kuliko mtu mwingine yeyote.

Ini lenye afya husafisha damu inayotoka tumboni. Miongoni mwa sumu linazoziondoa ni amonia, ambayo hutokana na mmeng'enyo wa chakula. Ini lililojaa makovu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi, hushindwa kazi hiyo na sumu hupanda hadi kwenye ubongo. Dalili za mwanzo ni ndogo mno. Mgonjwa hubadilisha saa za kulala, mwandiko wake huharibika, hushindwa kuhesabu chenji dukani, na akinyoosha mikono mbele viganja hupigapiga kama mbawa za ndege. Daktari anayemwona kwa dakika 10 kila baada ya miezi michache anaweza asiyagundue hayo. Anayelala naye kitanda kimoja huyaona.

Mara nyingi kuna kitu kilichochochea hali hiyo: choo kilichofunga kwa siku mbili au tatu, maambukizi, damu iliyovujia tumboni, kuharisha kulikomaliza maji mwilini, au vidonge vya usingizi. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa dawa ya maji iitwayo laktulosi, na lengo lake ni mgonjwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Wapo wanaoiacha kwa kudhani kuwa ni dawa ya kuharisha tu iliyoandikwa kwa makosa. Kuiacha ni kukaribisha kuchanganyikiwa.

Hakuna anayekataza dua wala kisomo. Tatizo ni siku zinazopotea kwa mganga wakati mgonjwa anaelekea kupoteza fahamu, pamoja na dawa za miti shamba zinazonyweshwa kwa vikombe, ambazo ini hilo hilo lililochoka ndilo linalotakiwa kuzichuja.

Jina la ugonjwa nalo huleta mkanganyiko. Wengi huchanganya homa ya ini na homa ya manjano, kwa kuwa zote huweza kugeuza macho kuwa ya njano. Homa ya manjano huenezwa na mbu. Homa ya ini aina ya B, ambayo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya sirosisi na saratani ya ini barani Afrika, husababishwa na virusi vinavyoambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivyo mwaka 2022.

Pombe nayo huua ini, iwe gongo, tembo la mnazi au bia ya chupa, na mgonjwa wa sirosisi hana kiasi chochote kilicho salama kwake. Lakini si kila mgonjwa ni mlevi. Mafuta yanayojaa kwenye ini kwa sababu ya unene na kisukari yanazidi kuwa chanzo, hasa mijini. Mashemeji na mawifi wanaomsema mgonjwa kwamba 'amejitakia' huwa wanasema kabla ya kuona cheti cha maabara.

Vivyo hivyo kwa tuhuma za uzinzi. Wengi wenye virusi vya B waliambukizwa utotoni na kukaa navyo miaka 20 au 30 bila dalili yoyote. Kipimo kinachoonyesha virusi hivyo leo hakisemi viliingia lini, wala hakithibitishi kwamba yeyote ametoka nje ya ndoa.

Linalotakiwa kwa mwenzi ni kupimwa. Asipokuwa na virusi wala kinga, apate chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa mara tatu ndani ya miezi sita, na mipira ya kondomu itumike hadi kinga ithibitike. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, hivyo waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kutenga sahani, vikombe na shuka hakuna faida, kwani virusi hivyo haviambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kukumbatiana. Vya kutengwa ni wembe, mswaki na mkasi wa kucha.

Mtihani mkubwa wa kila siku uko jikoni. Mgonjwa ambaye tumbo na miguu vimeanza kujaa maji hutakiwa kupunguza chumvi, na kiwango ambacho hutajwa kwa kawaida ni kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikihesabiwa pamoja na ile iliyokwisha kuingia kwenye chakula. Katika mwambao huu, ambako chumvi huvunwa baharini na samaki hukaushwa nayo, hilo si jambo jepesi. Ng'onda na papa mkavu, hata wakirowekwa usiku kucha, hubaki na chumvi nyingi. Vikolezo vya mchuzi vya kununua dukani navyo vimejaa chumvi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari vinaweza kumrudishia mgonjwa ladha, na samaki mbichi wa siku hiyo hiyo ni bora kuliko mkavu.

Samaki huyo asinyimwe. Zamani wagonjwa wa ini walikatazwa nyama, mayai na maharage kwa hofu ya sumu, ushauri ambao umekwisha kuachwa, kwa sababu mwili wao hula misuli yake wenyewe haraka. Wanashauriwa kula kidogo kidogo mara nyingi, na kupata kitafunwa kabla ya kulala ili usiku usiwe mrefu bila chakula. Chaza na viumbe wengine wa baharini wasiliwe wakiwa wabichi, kwani vijidudu vyao vinaweza kumwua mwenye sirosisi. Madafu yana madini mengi ya potasiamu, na baadhi ya dawa za kutoa maji mwilini huzuia madini hayo yasitoke. Ni vizuri daktari aulizwe kwanza.

Kwa sababu hiyo hiyo ya njaa ndefu, Ramadhani huhitaji mazungumzo ya mapema. Saa nyingi kati ya daku na futari ni mzigo kwa ini lenye makovu. Dini imemruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye, na kwa asiyetarajiwa kupona ipo fidia ya kulisha maskini. Mume asiyefunga huona haya mbele ya wanawe, na mkewe anaweza kumwondolea haya hiyo kwa kumwandalia chakula chake bila maneno.

Maumivu ya mwili yasitibiwe kwa diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, ambazo huchochea damu kuvuja na kuumiza figo. Panadol huweza kutumika, lakini kwa mwenye sirosisi kwa kawaida isizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku.

Zipo dalili zisizosubiri asubuhi: kutapika damu, choo cheusi kama lami, homa yenye maumivu ya tumbo, au usingizi asioamshika. Kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 70. Namba ya dereva, fedha za nauli, kadi ya bima na daftari lenye majina ya dawa viwe mahali pamoja kabla ya usiku huo kufika. Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo ndiyo hatua ya kwanza, nayo huamua kama mgonjwa apelekwe Tumbi, Kibaha, au Muhimbili.

Daftari hilo linafaa pia kuandikwa uzito wa kila asubuhi. Kilo zinazoongezeka zaidi ya mbili kwa wiki ni maji, hata kama mgonjwa anasema amenenepa. Aidha, mwenye sirosisi hupimwa kwa ultrasaundi kila miezi sita ili saratani ikianza ionekane ikiwa ndogo, na ni tarehe ambayo mgonjwa aliyechoka husahau.

Anayekesha naye pia huchoka. Mke anayeuza samaki alfajiri na kumgeuza mgonjwa usiku hawezi kuendelea hivyo kwa mwaka mzima, na ndugu wa mume waliozoea kuja kuulizia hali wanaweza kupangiwa zamu ya usiku mmoja mmoja.