Imbwa mudogo na kobayi katika lupango moja

Pengine na kwako iko hivi: mulileta imbwa kusudi alinde nyumba, na sasa imbwa yenyewe inakimbiza kila kitu chenye kutembea. Kwa wengine ni kuku wadogo, kwa wengine sungura. Kwetu ilikuwa kobayi.

Tunakaa Likasi, nyumba ya kampi, vyumba viwili na jiko inje. Binti wetu alikuwa na kobayi saba kule pa jiko, wakila majani na maganda. Haikuwa muchezo. Akiuza mbili, anapata kaye na kalamu. Akiuza ine, anasaidia feza ya masomo. Halafu tukaleta Simba, imbwa wa miezi mitatu, mwenye nguvu sana na akili kidogo. Siku ya ine, mutu alisahau kufunga mulango. Tulisikia kile kilio chembamba cha kobayi, tukakimbia. Kobayi moja mama alikuwa amekufa, na Simba alikuwa anamusukuma na pua, anangojea aamuke wacheze tena.

Mimi nilikamata fimbo. Nakuambia wazi, sababu najua wengi wanafanya vilevile. Na faida ilikuwa nini? Simba alijifunza kuogopa mimi. Kobayi, hapana. Mbele yangu alilala kama mutakatifu. Nikienda kazini, anarudia kunusa mulango wa jiko. Ukimupiga imbwa kisha jambo kupita, yeye hajui unamupigia nini.

Tusisahau huyu ni mutoto wa wawindaji. Hapa kwetu Congo tuko na imbwa anayejulikana katika dunia nzima, basenji, yule asiyebweka. Wawindaji walimufungia kengele ya mti shingoni kusudi wasikie yuko wapi katika majani. Imbwa zetu za kampi zimechanganyika sana, lakini damu ya kuwinda iko. Kitu kidogo kikikimbia, miguu yake inaanza mbele ya akili. Tena mutoto wa imbwa anacheza na meno. Ile kuuma kidogo, ndugu yake imbwa haimuumizi, lakini mbavu za kobayi zinavunjika.

Basi tukaanza upya. Kwanza nyumba ya kobayi. Tulitengeneza sanduku ya mbao yenye miguu, na kifuniko, na grilaji ya matundu madogo. Kama yako iko chini, zungusha matofali, sababu imbwa anachimba. Ndani utie chungu kilichovunjika ama kisanduku chenye milango miwili, wapate kujificha. Hapa watu wengi wanajidanganya: wanaona kobayi ametulia kabisa mbele ya imbwa, wanasema, "Angalia, wamezoeana." Kumbe amekauka na woga. Kobayi mwenye amani anakula na anatembea.

Kisha harufu. Majani ya zamani ya sanduku tuliweka karibu na sahani ya Simba, akala bukari yake akinusa harufu ile. Siku chache, haikuwa tena habari mupya.

Ndipo yakaanza mafunzo yenyewe. Mbele ya yote, umuchokeshe: umutembeze, akimbie, ale. Imbwa mwenye nguvu zote hasikii mutu. Sisi tulimufunga kamba ya metre mbili hivi, binti akaikaa na sanduku mbali, karibu na ukuta wa lupango. Mbali kiasi gani? Pale imbwa anaona kobayi lakini bado anasikia jina lake. Akiangalia, halafu akigeuza kichwa kwako, ile dakika umupe kipande cha samaki mukavu. Usingoje, kisha dakika moja amekwisha kusahau. Polepole, siku kwa siku, tulisogeza sanduku. Dakika tano asubuhi, tano mangaribi, inatosha.

Umuangalie mwili. Akifunga mudomo, mwili ukawa mugumu, macho hayatoki kwa kobayi, usingoje aruke. Mumurudishe nyuma bila kelele, muanze tena mbali.

Na neno liwe moja kwa watu wote wa nyumba. Kwetu mama alisema "Acha!", vijana "Lese!", na tate mukubwa wa kike alimutukana kwa Kisanga. Simba aliangalia huyu, akaangalia yule, maskini. Tukapatana: "Acha", basi. Na watoto wakakatazwa kumuonyesha kobayi juu juu na kucheka akiruka. Muchezo ule uliharibu kazi ya juma nzima.

Kama hujaleta imbwa bado, musimutoe kwa mama yake mbele ya majuma 8. Kule ndiko anajifunza kutouma sana. Toka juma la 3 mpaka la 12 ama 14, vitu anavyoviona kwa amani, anavihesabu kuwa vya nyumbani. Simba wetu alifika mwisho wa wakati ule, ndiyo sababu ilituchukua karibu miezi miwili. Imbwa mukubwa naye anafunzika, lakini utahitaji samaki nyingi.

Neno lingine, haliko la kobayi lakini siwezi kuliacha. Imbwa akifika miezi mitatu, atiwe shindano ya raji, ndio kichaa cha imbwa, na irudiliwe kama munganga wa nyama anavyosema. Mutoto akiumwa, hata kidonda kikiwa kidogo, osheni na maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku ileile. Ugonjwa ule ukikwisha kuonekana kwa mutu, dawa haiko.

Leo Simba analala karibu na sanduku, na kobayi wanakula matembele yao bila kumuangalia. Mimba ya kobayi ni siku 68 hivi, na tutoto tunazaliwa na manyoya na macho wazi, tunakimbia siku ileile. Basi siku ile ndiyo ya hatari, maana tunakimbia. Kwa hiyo hatumuachi Simba peke yake nao, hata dakika moja. Mulango wa jiko tulitia kufuli, na ufunguo anauvaa binti shingoni. Mwezi wa tisa, masomo yakianza, anataka kuuza ine.