Kabimba: Mwangaza unaua vidudu vya jino, lakini gundi itashika?

Kabimba, kusini mwa Kalemie kando ya Ziwa Tanganyika, inajulikana kwa kiwanda chake cha simenti. Kila fundi wa nyumba anajua: simenti haishiki vizuri kwenye tofali lenye vumbi. Kwa jino ni vivyo hivyo.

Katika nchi mbalimbali, waganga wa meno wanatia rangi ya bluu ndani ya jino lililotoboka, kisha wanaimulika kwa mwangaza mwekundu. Rangi ikikutana na mwangaza na oksijeni, vidudu vinakufa. Kwamba rangi na mwangaza pamoja vinaua vidudu kulichapishwa mwaka wa 1900, kupitia kazi ya Oscar Raab huko München, Ujerumani.

Shida inakuja wakati wa kuziba. Rangi iliyobaki inaweza kuzuia gundi kupenya, na oksijeni inaweza kuizuia kuganda sawasawa. Majaribio ya maabara yanatofautiana: mengine yanaonyesha gundi inashika kama kawaida, mengine inapungua nguvu. Kiziba kikiachia, vidudu vinarudi. Kwa hiyo rangi inapaswa kuoshwa vizuri.

Pasipo umeme, kuna njia iliyoanza ng'ambo ya ziwa, Tanzania, miaka ya 1980, kwa kazi ya Jo Frencken. Mganga anakwangua uozo kwa vyombo vya mkono, kisha anaziba kwa simenti ya meno inayoshikamana yenyewe na jino, bila taa wala mashine. Mgonjwa akifika mapema, jino lililooza si lazima ling'olewe.