Nukta na Wino: Kinachoamua Usomekaji wa Vitabu vya Kielektroniki

Macho ya anayesoma kwenye kifaa cha vitabu vya kielektroniki huweza kuchoka kwa sababu mbili: kingo za herufi kukosa ukali, au herufi kutotofautika vya kutosha na usuli wake. Shule, maktaba na wasomaji wanaonunua vifaa hivyo hawana budi kuzitenganisha sababu hizo.

Ukali wa herufi hutegemea wingi wa nukta katika kila inchi ya skrini. Kindle ya kwanza, iliyotoka mwaka 2007, ilikuwa na nukta 167 kwa inchi, kila moja ikiwa na upana wa takriban milimita 0.15. Vifaa vingi vya sasa vina nukta 300, zenye upana wa milimita 0.085. Kwa umbali wa sentimita 30, jicho lenye uwezo wa kawaida hushindwa kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya takriban milimita 0.09. Kwa hiyo, nukta zaidi ya 300 hazimletei msomaji nafuu kubwa.

Jambo la pili ni tofauti ya weusi na weupe. Wino wa kielektroniki ni chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji, zilizomo ndani ya vifuko vidogo mno. Umeme huzileta juu chembe zinazohitajika. Skrini hiyo huakisi mwanga unaoiangukia, na ndiyo maana husomeka vizuri juani, mahali ambapo skrini ya simu hufifia. Hata hivyo, usuli wake ni wa kijivujivu kuliko karatasi nyeupe, hivyo katika chumba chenye mwanga hafifu taa ya kifaa huhitajika.

Skrini za rangi zina gharama yake. Kaleido 3, kwa mfano, huonyesha maandishi meusi kwa nukta 300, lakini rangi kwa nukta 150 tu. Aidha, chujio lake la rangi hupunguza mwanga unaoakisiwa, na usuli huonekana mweusi zaidi.

Kwa riwaya na vitabu vyenye maandishi matupu, skrini ya rangi nyeusi na nyeupe yenye nukta 300 inatosha. Ya rangi iwafae wanaohitaji ramani na michoro. Kabla ya kulipa, mnunuzi azime taa ya kifaa, kisha asome ukurasa mzima katika mwanga unaofanana na ule wa mahali atakaposomea.