Mshahara wa Chini: Hesabu Ilianza na Bachela, Familia Ikaachwa Nje

Mei 1 nyingi ni story ile ile. Uwanja unajaa, Atwoli anaomba nyongeza, rais anatangaza asilimia kadhaa, na wewe unabaki ukijiuliza hiyo doh italipa keja gani. Lakini ushawahi jiuliza hii sheria ililetwa kufanya nini?

Ilianza mbali. New Zealand walikuwa wa kwanza, 1894. Jimbo la Victoria kule Australia likafuata 1896, Uingereza 1909. Huko shida ilikuwa wadosi wa kazi kama kushona nguo. Waliwalipa wamama pesa kidogo hadi mtu anafanya kazi mchana na usiku na bado analala njaa. Serikali ikachora mstari: ukilipa chini ya hapa, umevunja sheria.

Kenya chini ya mkoloni, mstari ulichorwa kivingine. Walihesabu mahitaji ya mwanaume mmoja tu: chakula, nguo, kuni, pa kulala. Bibi na watoto je? Hao ilidhaniwa watakula kutoka shamba kule reserve. Kwa hivyo hata ukiwa na watoto watano, mjini ulilipwa kama bachela.

Wasee wa Mombasa wakachoka. Januari 1947 maelfu waligoma, kuanzia bandari hadi reli. Chege Kibachia akawa kiongozi wao, na mwaka huo huo akashikwa na kupelekwa kizuizini Baringo.

Ilipofika 1954, kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ikakubali kwamba mtu mzima anafaa kulipwa pesa ya kulisha bibi na watoto. Usidhani ni huruma tu. Walitaka wafanyakazi wanaotulia kazini, si wa kuja na kurudi ocha kila saa.

Sasa angalia payslip yako. Ile pesa imeandikwa kwa sheria ya mshahara wa chini ni ya kazi pekee. Kama mdosi hajakupea nyumba, pesa ya nyumba inaongezwa juu, asilimia 15. Na Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kiwango chao kiko juu kuliko cha town ndogo. Ukiambiwa "kila kitu kiko ndani", piga hesabu kwanza. Ikikataa kuingiana, ofisi ya leba iko, na kupeleka malalamiko huko ni haki yako.

Na ukishamaliza hiyo hesabu, jiulize: hiyo doh inalisha familia, ama bado ni ya bachela wa enzi ya mkoloni?