Kuku na Nguruwe Wasilale Banda Moja

Je, nguruwe anaweza kupata mafua ya ndege na kumwambukiza binadamu? Ndiyo, ingawa si jambo la kila siku. Wewe uliye mjini na unatuma pesa za mifugo nyumbani, suala hili linakuhusu.

Virusi vya mafua hayo hukaa kwa ndege wa majini, kama vile bata mwitu, ambao mara nyingi hawaonekani kuugua. Hapa Mahoo, karibu na Taveta, Ziwa Jipe haliko mbali, na ndege hawajui mpaka wa Kenya na Tanzania. Kinyesi chao kikiingia katika maji ya kunywa, kuku huambukizwa, na hata nguruwe.

Virusi huingia mwilini kama ufunguo katika kufuli. Nguruwe ana kufuli za aina mbili: ya virusi vya ndege na ya virusi vya binadamu. Akipatwa na vyote kwa wakati mmoja, vinaweza kuchanganyika na kuzaa virusi vipya ambavyo miili yetu haivijui.

Virusi vya H1N1 vilivyoenea duniani mwaka 2009, na kufika Kenya mwezi Juni, vilikuwa na asili ya nguruwe, ndege na binadamu. Mwaka 2024 virusi vya ndege vya H5N1 vilipatikana kwa nguruwe huko Oregon, Marekani, katika shamba ambalo kuku na mifugo mingine walitumia maji na mabanda pamoja.

H5N1 haienei kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu, lakini ni hatari: Hong Kong, mwaka 1997, watu 18 waliugua na 6 wakafa. Usiichanganye na homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo huua nguruwe lakini haimwambukizi binadamu.

Zingatieni haya:

1. Tenganisheni mabanda na vyombo vya maji vya kuku, bata na nguruwe.

2. Kuku wakifa kwa wingi, msiwachinje wala kuwakimbiza sokoni. Mwiteni daktari wa mifugo.

3. Nyama na mayai viive kabisa. Nawa mikono kwa sabuni.

4. Ukipata homa, kikohozi au shida ya kupumua baada ya kushika mifugo wagonjwa, nenda hospitalini upesi na umweleze daktari kuhusu mifugo hao. Usipomwambia, huenda asiwaze ugonjwa huu.