Granola, Ndugu ya Bisi

Asomaye Kitabu cha Ruthu hukuta ya kuwa Boazi alimpa yule mjane mgeni bisi wakati wa chakula, naye akala akashiba, akasaza. Tena Yese, alipomtuma Daudi kwenda kuwaangalia ndugu zake vitani, alimchukuza bisi na mikate. Bisi zile hazikuwa mahindi yaliyopasuka kama tuzijuavyo sisi, maana mahindi hayakuwako bado katika nchi ile. Zilikuwa nafaka zilizokaangwa kavu, chakula cha mtu wa kazi, kisichoharibika upesi njiani. Chakula tunachotaka kukieleza mwezi huu, kiitwacho granola, ni ndugu ya bisi hizo, nacho chaweza kutengenezwa katika kila jiko.

Asili ya jina lenyewe ni Marekani. Mwaka 1863 Daktari James Caleb Jackson, aliyekuwa na nyumba ya kuwauguza watu huko Dansville, katika jimbo la New York, alichukua unga wa ngano usioondolewa makapi, akaukanda kwa maji, akauoka hata ukakauka, akauvunja vipande, kisha akavioka mara ya pili. Akakiita chakula hicho Granula. Kilikuwa kigumu sana, hata ilibidi kukiloweka usiku kucha ndipo kilike asubuhi. Baadaye Daktari John Harvey Kellogg, mkuu wa nyumba ya afya ya Waadventista huko Battle Creek, Michigan, alitengeneza chakula cha namna hiyo kwa ngano, oti na mahindi, na mwisho akakiita Granola. Nia yao wote wawili ilikuwa moja: watu waache vyakula vizito vya asubuhi, wale nafaka nzima.

Lakini jina laweza kudumu na kitu chenyewe kikabadilika. Granola nyingi zinazouzwa madukani siku hizi zina sukari nyingi, na wazazi huzinunua kwa bei kubwa wakidhani wamewanunulia watoto wao afya. Basi asome mtu maandishi ya mfukoni. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Ikiwa sukari imeandikwa mahali pa pili au pa tatu, ajue anachokinunua. Wala asiyetaka kudanganywa na maneno ya mfukoni hana dawa bora kuliko kuitengeneza mwenyewe.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: oti zilizopondwa bapa vikombe 3, karanga au korosho zilizokatwakatwa kikombe 1, nazi iliyokunwa na kukaushwa nusu kikombe, ufuta vijiko 3 vikubwa, asali robo kikombe, mafuta ya kupikia robo kikombe, mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na zabibu kavu nusu kikombe.

Changanya vitu vikavu vyote katika bakuli kubwa, isipokuwa zabibu. Pasha asali na mafuta moto kidogo, visichemke, kisha mimina juu yake na kuvuruga hata kila punje ipate unyevu. Tandaza katika sinia pana, pasiwe na unene kupita kidole kimoja. Weka katika tanuri lenye moto wa kadiri, yaani digrii 150 za Selsiasi, kwa muda wa dakika 25 hata 35, ukigeuza kila baada ya dakika 10, maana kando huungua kabla ya katikati kuiva. Ikipata rangi ya dhahabu, itoe. Ikiisha kupoa kabisa, tia zabibu.

Asiye na tanuri asikate tamaa. Na aweke kikaango kipana juu ya makaa machache, akaange oti na karanga bila mafuta kwa dakika 8 au 10, akikoroga pasipo kuacha, hata harufu nzuri itoke. Ndipo atie nazi na ufuta, ambavyo huungua upesi, pamoja na mdalasini na chumvi. Kisha amimine asali na mafuta, akoroge dakika 5 nyingine kwa moto mdogo, na kuitandaza sinia ipoe.

Waalimu watapenda kuwaeleza wanafunzi sababu za mambo haya. Granola ikitoka motoni huwa laini, na mpishi asiyejua huirudisha akaiunguza. Kumbe asali yenye moto hulainika, na ikipoa hushika na kukauka. Basi jaribu kidogo katika sahani baridi, na likivunjika kwa mlio, imekwisha kuiva. Zabibu hutiwa mwisho kwa sababu motoni hugeuka ngumu na chungu. Na kama ukifunika chombo granola ingali na joto, mvuke wake hugeuka maji ndani, nayo hulainika na kuota ukungu. Iliyopoa vema, katika chombo kikavu chenye kifuniko cha kukaza, hukaa majuma mawili au matatu.

Sasa tusikilize maonyo, maana hapa pana jambo la uzima. Kwanza, zichague karanga moja moja, na zilizoota ukungu, zilizokunjamana au zilizobadilika rangi uzitupe, wala usiwape kuku. Ukungu huweza kuleta sumu iitwayo aflatoksini, isiyoonekana kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi yote. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya iliwaua watu 125. Mwenye kuona hasara kutupa konzi ya karanga na akumbuke habari hiyo.

Pili, mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, hata kidogo, kwa kuwa yaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Tatu, watoto wadogo wasipewe karanga nzima wala vipande vikubwa, wasije wakapaliwa, wao watwangiwe. Nne, asali nayo ni sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2015, liliihesabu pamoja na sukari zinazopasa kupunguzwa. Kipimo tulichokitoa hutosha milo kama 15, na katika kila mlo asali haizidi kijiko kimoja cha chai. Konzi moja katika bakuli la maziwa au mtindi, pamoja na kipande cha papai au ndizi, yatosha.

Wala hatusemi ya kwamba granola ni bora kuliko uji wa ulezi au viazi vitamu. Nyumba yenye hivyo haikupungukiwa na kitu. Twasema tu kwamba palipo na haja ya chakula kisichotaka moto asubuhi, kwa mwanafunzi atokaye alfajiri au mama awahiye kazini, chakula hiki hufaa, mradi kimetengenezwa kwa mikono minyofu.

Basi, akina mama na akina baba, waiteni watoto mezani siku ya Jumamosi wachague karanga pamoja nanyi. Mtoto aliyefundishwa kutupa karanga mbovu ingawa hakuna amwonaye, amejifunza zaidi ya mapishi. Mwenyezi Mungu abariki vyakula vyenu na mikono inayovitengeneza.