Kasiba Mpya na Shabaha

Zamani wako wazee wa Kakamega waliotumika katika K.A.R., na askari wa jeshi hilo waliibeba bunduki ya 303 mpaka Burma mwaka 1944. Jina lake, Lee-Enfield, lilianza mwaka 1895: Lee ndiye aliyebuni komeo lake, na Enfield ndiko ilikotengenezwa mifereji ya kasiba. Mifereji hiyo ni mitano, nayo hupinda duara kamili kila inchi 10, ili risasi izunguke kama pia isiyumbe hewani.

Mlenga shabaha wa leo aliyeundiwa bunduki mpya ana shida ambayo askari yule hakuulizwa habari zake. Kasiba mpya, hata ikiwa imetengenezwa na fundi hodari, huwa na mikwaruzo midogo ya patasi kooni, pale risasi inapoanza kuingia katika mifereji. Risasi ipitapo, shaba ya ganda lake hukwanguliwa, ikaungua kwa moto wa baruti na kugandamana mbele ndani ya kasiba. Shaba ikizidi, risasi hazifuatani tena. Ndiyo sababu wengi hupiga risasi moja, wakasafisha kwa mdeki na dawa, kisha moja tena, mpaka tano au kumi. Halafu husafisha kila baada ya tatu. Dawa yenye amonia hugeuka buluu ikutanapo na shaba, basi kitambaa chenyewe hutoa ushahidi.

Wako mafundi wa Marekani wanaoikataa desturi hii. Husema kwamba kila risasi hula kasiba kidogo, na kwamba kasiba iliyosuguliwa vema kwa mkono haina haja nayo. Hoja yao ina uzito, maana kasiba ni ghali na umri wake una kikomo. Kwa maoni yangu, yafaa mtu atazame kitambaa, asihesabu risasi. Buluu ikipungua baada ya risasi nne, kwa nini apige ishirini?

Katika kuipima bunduki, watu wengi hujidanganya. Mtu hupiga risasi tatu, matundu yakagusana, akaikata karatasi na kuitia mfukoni awaonyeshe rafiki zake. Risasi tatu zaweza kukaribiana kwa bahati tu. Apige mafungu manne ya risasi tano, aache kasiba ipoe baina yake, na ayahesabu yote, hata lile baya. Kipimo ni dakika moja ya pembe, yaani milimita 29 hivi kwa mita 100. Kwa yadi 1,000, umbali wa mwisho katika shindano kubwa la Bisley, Uingereza, dakika hiyo huwa zaidi ya inchi 10.

Mukumu nako kuna jambo lake. Nchi hii iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Bunduki iliyorekebishwa Mombasa, ikiletwa huku, itapiga juu kidogo katika masafa marefu. Kwa mita 100 tofauti haionekani. Tena jua likipanda, mvuke wa joto huichezesha shabaha machoni, kwa hiyo majaribio yafanywe asubuhi mapema, katika uwanja ulioruhusiwa na mwenye leseni. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, hivyo karatasi ndiyo shabaha iliyobaki.